Mwenye kazi yake atajwe: programu zinazompunguzia mtafiti mzigo wa marejeo

Watahini wengi wa tasnifu huanza kusoma nyuma. Kabla ya utangulizi, kabla ya sura ya nadharia, hufungua kurasa za marejeo na kuzipitia jina kwa jina. Hapo huonekana mengi kwa muda mfupi. Mwandishi aliyetajwa sura ya pili hayumo kwenye orodha. Kitabu kimoja kimepewa mwaka 1989 ukurasa huu na 1998 ukurasa ule. Mtaalamu mmoja ametokea mara mbili, kila mara kwa tahajia yake. Mtahini akishayaona hayo, imani yake juu ya sura zilizobaki huanza kulegea, hata kama utafiti wenyewe ulifanywa kwa jasho.

Katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, wiki za mwisho kabla ya kuwasilisha tasnifu huliwa na kurasa hizo. Mwanafunzi aliyekusanya data uwandani kwa miezi, aliyeketi na wazee na kusikiliza, hujikuta anakesha akihamisha nukta, mabano na mikato. Wapo wanaomlipa mtu wa stesheneri awapangie orodha kwa alfabeti, naye huipanga bila kujua kilichomo. Kazi hiyo kompyuta imeweza kuifanya tangu miaka ya 1980, na leo inaifanya bila malipo.

Marejeo si pambo la mwisho wa kitabu. Ni mahali ambapo mtafiti hukiri alichokopa na kwa nani, na humwonyesha msomaji njia ya kwenda kuhakikisha mwenyewe. Kwa sababu jambo hili ni zito, ndiyo maana inafaa ile sehemu yake ya mkono, yaani kupanga, kunakili na kuweka alama, ifanywe na mashine. Mtafiti abaki na sehemu isiyofanyika kwa mashine: kusoma, kupima na kumtaja mwenye kazi kwa haki.

Kutoka kisanduku cha kadi

Zamani mtafiti alikuwa na kisanduku cha kadi ngumu. Kila kadi ilibeba kitabu kimoja: mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mji na mchapishaji, na upande wa pili dondoo aliyoinakili kwa kalamu. Kisanduku kikilowa mvua au kikipotea safarini, usomaji wa miaka ulipotea nacho.

Mwaka 1985 Oren Patashnik na Leslie Lamport walitoa BibTeX, chombo ambacho hadi leo wanahisabati na wanafizikia hukitumia kupanga marejeo yao. Kabla muongo huo haujaisha, Richard Niles wa California alileta EndNote, programu iliyoingia katika vyuo vingi vya Ulaya na Marekani. Ilifanya kazi vizuri, lakini ilikuwa ya kununua, tena kwa dola, na bei yake haikulingana na mfuko wa mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret.

Mambo yalibadilika Oktoba 2006. Kituo cha historia na teknolojia mpya za habari cha Chuo Kikuu cha George Mason, jimboni Virginia, kilitoa programu ya Zotero. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wanahistoria, watu wa makavazi na nyaraka, waliotaka chombo kinachofanana na namna wanavyofanya kazi. Waliigawa bure na kuuacha msimbo wake wazi, ili mwenye ujuzi aweze kuusoma na kuuboresha.

Miaka miwili baadaye ukazuka ugomvi. Thomson Reuters, kampuni iliyomiliki EndNote wakati huo, ilikipeleka chuo hicho mahakamani ikidai fidia ya mamilioni ya dola. Kiini cha kesi kilikuwa mafaili ya mitindo, yale yanayoiambia kompyuta iandike mwaka ndani ya mabano au nje, jina la kitabu liwe la mlazo au la. Zotero ilikuwa imepewa uwezo wa kuyasoma mafaili ya EndNote. Juni 2009 kesi ilitupwa, na Zotero ikaendelea.

Wakati huohuo ulikuwa unakua mfumo mwingine wa kuandika mitindo, ulioasisiwa na mwanajiografia wa Marekani, Bruce D'Arcus, na usiomilikiwa na kampuni yoyote. Unajulikana kwa kifupi kama CSL. Leo ghala lake lina mitindo zaidi ya 10,000, yote ya bure, na hutumiwa na Zotero, na Mendeley, na programu nyingine kadhaa. Nitaurudia mfumo huu, kwa kuwa ndani yake kuna nafasi ambayo sisi wa Kiswahili hatujaitumia ipasavyo.

Inavyofanya kazi

Tuchukue Zotero, kwa kuwa ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux. Ukishaipakua na kuiweka kwenye kompyuta, unaongeza kitufe chake kwenye kivinjari. Sasa fungua ukurasa wa makala kwenye AJOL, ghala la majarida ya Afrika linaloendeshwa kutoka Afrika Kusini, kisha bofya kitufe hicho. Jina la mwandishi, kichwa cha makala, jarida, juzuu, mwaka na kurasa huingia kwenye maktaba yako, na mara nyingi faili la PDF huja pamoja navyo. Ukiwa na kitabu mkononi, andika namba ya ISBN iliyo kwenye jalada la nyuma, nayo programu itakwenda kutafuta taarifa zake katika katalogi za dunia.

Unapofika kuandika, programu hukaa ndani ya Word, LibreOffice au Google Docs. Umeandika sentensi na unataka kumtaja uliyemsoma. Unabofya mara moja, unaandika herufi chache za jina lake, unamchagua, unaongeza namba ya ukurasa. Mabano yanajiandika. Mwishoni mwa tasnifu unaagiza orodha, nayo inajipanga kwa alfabeti. Ukiifuta ile sentensi, na kitabu kile hakitajwi tena popote, kinaondoka kwenye orodha chenyewe. Ukiongeza kingine usiku wa mwisho, kinaingia mahali pake bila wewe kugusa vingine.

Faida yake huonekana zaidi pale mtindo unapobadilika. Mtindo wa APA, unaotumiwa sana katika elimu na sayansi za jamii, ulipata toleo la 7 Oktoba 2019. Toleo la 6 lilitaka mji wa uchapishaji utajwe, mathalani "Dar es Salaam: TUKI". Toleo la 7 liliuondoa mji, likabakiza mchapishaji tu. Aliyekuwa ameandika kwa mkono orodha ya vitabu 180 alilazimika kuipitia yote, mstari baada ya mstari. Aliyetumia programu alichagua mtindo mpya kwenye orodha ya mitindo, akabofya, akaendelea na kazi. Ndivyo ilivyo pia makala inapokataliwa na jarida moja na kupelekwa kwa jingine lenye masharti tofauti.

Jina la baba si jina la ukoo

Programu, hata hivyo, hupanga tu kile ilichopewa, na taarifa inazozikusanya hazikutungwa kwa kutufikiria sisi. Mfumo wake wa kawaida hugawa kila jina mara mbili: jina la kwanza na jina la ukoo. Waandishi wetu wengi hawana jina la ukoo kwa maana hiyo.

Mfano mzuri ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Thiong'o alikuwa baba yake. Hata hivyo, fungua tasnifu nyingi, za hapa kwetu zikiwemo, utakuta "Thiong'o, N. wa" kwenye herufi T, kama kwamba *Decolonising the Mind* ya mwaka 1986 iliandikwa na baba mtu. Maktaba ya Bunge la Marekani humweka kwenye N, mahali pake. Vivyo hivyo kwa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19. Programu ikiachiwa yenyewe inaweza kutoa "Haji, M. bin", na mashairi yakahamia kwa mzazi.

Dawa yake ni ya sekunde chache. Ndani ya Zotero, kando ya nafasi ya jina, kipo kitufe kidogo kinachogeuza nafasi mbili kuwa moja. Ukikibofya na kuandika "Ngũgĩ wa Thiong'o" kwa ukamilifu, jina litatoka hivyohivyo na kupangwa kwenye N. Lakini mashine haiwezi kujua nani apangwe hivyo na nani asipangwe hivyo. Ni anayeyajua majina ya watu wa kwao ndiye anayejua, na huo ndio ujuzi ambao mtafiti wa Afrika Mashariki anao kuliko katalogi ya mbali.

Yapo mengine ya kuangalia. Kitabu kimoja kikiingizwa mara mbili, mara moja kutoka Google Scholar na mara nyingine kwa ISBN, kompyuta hudhani ni kazi mbili tofauti. Kwenye matini utaona "2019a" na "2019b" ilhali mwandishi alitoa kitabu kimoja tu mwaka ule. Ukiona herufi hizo usizifute kwenye Word. Rudi kwenye maktaba yako, fungua sehemu ya rekodi zilizojirudia, uziunganishe. Kanuni ni hiyohiyo kwa kila kosa: sahihisha kwenye maktaba, si kwenye hati. Orodha ikirekebishwa kwa mkono ndani ya Word, masahihisho yote hufutika programu inapoiandika upya. Vichwa vya makala vilivyopakuliwa vikiwa na herufi kubwa tupu navyo visafishwe mapema, pale vinapoingia.

Kisha kuna vyanzo ambavyo hakuna kitufe kitakachovileta. Sehemu kubwa ya maarifa ya Kiswahili imo katika miswada, kanda, vijitabu visivyo na ISBN na vinywa vya wazee. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda zilizomo katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na hazina kama hiyo inahitaji kutajwa kwa uangalifu uleule unaotumika kwa jarida la Oxford. Zotero ina aina za rekodi za mahojiano, muswada, tasnifu na sauti. Utajaza mwenyewe: jina la mzee aliyekubali kutajwa, tarehe, mahali, namba ya muswada, mkusanyiko uliomo. Ni dakika tano za kuandika, na kwa dakika hizo mzee wa Pemba aliyekusomea utenzi anasimama kwenye maktaba yako pamoja na maprofesa.

Bando, flashi na mwenye ufunguo

Swali la kwanza la mwanafunzi wetu huwa intaneti. Jibu ni kwamba maktaba ya Zotero hukaa ndani ya kompyuta yako. Bando likiisha, bado utaandika, utanukuu na kupanga orodha. Intaneti inahitajika wakati wa kuchota taarifa mpya na wakati wa kuweka nakala mtandaoni. Akaunti ya bure inatoa nafasi ya megabaiti 300 kwa ajili ya mafaili kama PDF, na rekodi zenyewe hazihesabiwi humo. PDF zikizidi, acha rekodi zipande mtandaoni na mafaili yabaki kwenye kompyuta, kisha nakili folda nzima ya Zotero kwenye flashi au diski ya nje kila wiki. Kompyuta mpakato huibwa, hudondoka, huungua kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Maktaba iliyo mahali pamoja haijahifadhiwa.

Swali la pili huulizwa mara chache, nalo ni la nani anashika ufunguo. Mendeley ilianzishwa London na wanafunzi wa uzamivu kutoka Ujerumani, ikapendwa upesi, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Elsevier, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za majarida duniani. Mwaka 2018 ilianza kuifunga kwa fumbo hifadhidata iliyomo ndani ya kompyuta ya mtumiaji, ikitoa sababu za usalama. Waliotaka kuhamia kwingine wakiwa na maktaba zao kamili, pamoja na folda na madondoo, waliona njia imekuwa ngumu. Mendeley bado ni chombo kizuri na ina wapenzi wengi. Funzo ni kwamba kabla hujaweka miaka ya usomaji wako katika programu yoyote, hakikisha unaweza kuitoa yote siku utakayotaka kuondoka. Jaribu siku ya kwanza: toa rekodi kumi kwenye faili la BibTeX au RIS, uone kama zinafunguka kwingine.

Marejeo ya kubuni

Haja ya nidhamu hii imeongezeka tangu akili bandia iingie mikononi mwa kila mtu. Juni 2023, Jaji P. Kevin Castel wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zenye kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Zilikuwa zimetungwa na ChatGPT, zikiwa na majina, tarehe na dondoo. Katika vyuo, tatizo ni lilelile: mwanafunzi huomba "vyanzo kumi kuhusu mada yangu" na hupewa vyanzo kumi vyenye sura ya kweli, vingine vikiwa hewa.

Aliyezoea programu ya marejeo ana kinga, akiitumia kwa uaminifu. Akiandika namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, na namba hiyo haipo, programu itasema haikupata kitu. Ikiwa ipo lakini ni ya makala nyingine, kichwa kitakachokuja kitamshtua. Kinga kamili ni sheria mbili ambazo ningependa kila msimamizi azitie katika kikao cha kwanza na mwanafunzi wake: kisichomo kwenye maktaba yako hakinukuliwi, na usichokifungua kwa macho yako hakiingii kwenye maktaba.

Kuna hatari nyingine isiyo ya kubuni. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Februari 2010 jarida hilohilo liliibatilisha. Makala za namna hiyo haziondoki duniani. PDF zake huendelea kuzunguka, na msomaji asiyejua huzinukuu kwa nia njema. Tangu 2019 Zotero hulinganisha maktaba ya mtumiaji na hifadhidata ya Retraction Watch, na ikikuta makala iliyobatilishwa hutoa onyo jekundu juu ya rekodi. Kwa anayeandika kuhusu afya ya watoto katika nchi zetu, onyo hilo moja linatosha kuwa sababu ya kuanza.

Mtindo wetu wenyewe

Sasa turudi kwenye ule mfumo wa CSL. Tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili zimeongezeka, Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar, Nairobi, Eldoret na kwingineko. Mwandishi anayetumia programu hukutana na kikwazo kimoja: sura zote ni za Kiswahili, lakini anapoingiza marejeo, katikati ya sentensi huchomoza "&" na "et al.", na kwenye orodha "Eds." na "Retrieved from". Basi huanza kufuta kwa mkono na kuweka "na", "na wenzake", "wah.", "uk.", na hapo mantiki yote ya kutumia programu inavunjika, kwa kuwa kila orodha ikiandikwa upya maneno yale ya kigeni yanarudi. Wengine kwa sababu hiyo huiacha programu kabisa.

Haikupasa kuwa hivyo. Mtindo wa CSL ni faili la maandishi ya kawaida. Ndani yake kuna sehemu inayoruhusu istilahi kubadilishwa: palipo na neno la Kiingereza unaweka la Kiswahili, unalihifadhi faili kwa jina jipya, unalifungua kwenye Zotero. Kuanzia hapo mabano yatasema "Mulokozi na wenzake" yenyewe. Leseni ya mitindo hiyo inaruhusu kuinakili na kuibadilisha kwa masharti, likiwamo la kuwataja waliotangulia.

Ugumu uko kwenye makubaliano. Tuandike "na wenzake" au "na wenziwe"? "Uk." kwa ukurasa mmoja na "kur." kwa nyingi, au "uk." kwa zote? Majina ya Ngũgĩ na Muyaka yapangwe vipi? Mahojiano na mzee yaingie kwenye orodha kuu au kwenye kiambatisho? Mtu mmoja nyumbani kwake hawezi kuyaamua haya kwa niaba ya wengine. Yanahitaji Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), idara za Kiswahili za Kenya, Uganda na Zanzibar, wahariri wa majarida yetu, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, ambayo kazi yake ni mambo kama haya yanayovuka mipaka.

Maktaba za vyuo nazo zina wajibu wao. Mafunzo ya programu hizi mara nyingi hutolewa kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wakati tayari wameshazoea njia ndefu na wana rundo la PDF zenye majina yasiyoeleweka. Yahamishiwe mwaka wa kwanza, katika somo lilelile la stadi za mawasiliano ambalo kila mwanafunzi hulipitia. Aliyeanza kukusanya akiwa na miaka 20 ataingia kwenye tasnifu akiwa na maktaba yake, yenye majina sahihi na madondoo aliyoyaandika mwenyewe.

Kuhusu mtindo wa Kiswahili, kinachohitajika ni vikao vichache vya wataalamu, kijana mmoja anayejua kusoma msimbo, na faili lisilofika hata megabaiti moja. Idara itakayotangulia kulitengeneza na kuliweka wazi itakuwa imemrahisishia kazi kila anayeandika kwa lugha hii, awe Bujumbura, Lubumbashi, Muscat au Leipzig, na marejeo ya tasnifu ya Kiswahili yatasomeka kwa Kiswahili kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.